Marehemu Anapima Gauni

...na huyo maskini aliyelala sakafuni pichani ni mimi, mimi kabisa, kiatu kimoja kimenivuka, mdomo wazi, na mteja ananisogezea simu mpaka puani huku futi yangu ya kupimia imemzunguka kiuno, "Hebu muone, fundi, kachanjwa asubuhi, jioni wakamzika," nami nimepiga magoti mbele yake, pini zimejaa mdomoni, siwezi hata kusema ah... jioni wakamzika, kumbe jioni ile nilikuwa nafua soksi za mume wangu, nilizimia tu jamani, sindano naiogopa tangu utotoni na tumboni hamkuwa na kitu, muuguzi akaninywesha maji ya sukari nikaamka na aibu yangu, lakini mtu kwenye foleni alikuwa ameshanipiga picha, simjui, labda hata hakuwa na nia mbaya, akaandika dada kaanguka, mwingine akaongeza hali mbaya, wa tatu akanimalizia kabisa, na kila anayeipokea anawatumia anaowapenda, hapo ndipo panaponikata maini, wanatuma kwa upendo, mama mkwe wangu aliipata kwenye kundi la kina mama, akalia mpaka akapaliwa, akapiga simu nikapokea mwenyewe, "Mama, shikamoo," akakata kwa hofu... tulicheka baadaye, mume wangu akasema nyamaza, utapita huo upepo, nikanyamaza, nani anataka kujulikana mtaa mzima kwa kulala chali, ila upepo haujapita, umeingia mpaka humu kwenye chumba changu cha cherehani, "Basi mimi zahanati siendi tena," anasema mteja, "muuguzi anasema chanjo inatufaa hata sisi wajawazito, lakini na picha hii, fundi, kweli niende?" na anajishika tumbo, lile lililomleta, gauni limembana nimpanulie mishono, na homa yenyewe tunayochanjiwa imeshafika kwao, jirani wa mlango wa pili amelazwa hajitambui, kanieleza sasa hivi akivua viatu, huyu si mjinga, anaogopa tu kama nilivyoogopa, ila mimi nilikuwa na muuguzi wa kunishika mkono, yeye anashikwa na picha... na hapo kitu kinasukuma futi kutoka ndani, teke, jingine, mtoto huyo, hana kundi wala simu, anasubiri tu mama yake aamue, natema pini kiganjani, "Dada, niangalie usoni," ananiangalia, anaangalia simu, ananiangalia tena, ananigusa shavu kwa ncha ya kidole kama anayejaribu joto la pasi, "Ni wewe?" "Ni mimi, njaa na woga tu, nikaamka," na anacheka huku machozi yanamtoka, "Iliuma?" "Kidogo," anajifuta macho, "Nikienda, utanishika mkono?" na futi bado imemzunguka kiuno, na mimi bado magotini, wacha mume wangu agune, wacha mtaa uninyooshee vidole, eti yule aliyefufuka, "Nitakushika," nasema, na moyo umekuwa mwepesi, haujawa hivyo sijui tangu lini, nainama nisome namba ya kiuno, lakini mwenzangu hatulii, ameshaleta simu mdomoni, anarekodi sauti ya kutuma kwenye kundi lake, "Jamani wenzangu, sikilizeni, yule dada wa kwenye picha niko naye hapa, mzima, ananipima gauni..."