Theluji Haikai Juu ya Dobrila

Asubuhi moja ya Januari, posta ya mji ilipofunguliwa tu, Dobrila alisukuma dirisha lililo nyuma ya kaunta yake, likaachia mwanya wa kidole. Kwenye kaunta ya pili Vidosava akajishika shingo.

"Funga, dada! Unataka nirudi nyumbani na shingo ya kuku aliyenyongwa?"

"Kidogo tu, Vido. Naungua mwenzio."

"Mlango wa mbele uko wazi. Upepo ukipita katikati unaua. Shemeji yangu ulimpata hivyohivyo, mpaka leo anatazama upande mmoja."

Dobrila akafunga. Watu wa mji ule walianza siku kwa sigara na pombe kali ya matunda ya plamu, na walivuka mto ulioganda kwa miguu, lakini hakuna aliyethubutu kukaa kati ya matundu mawili yaliyo wazi.

Joto likampanda Dobrila kutoka kifuani hadi masikioni. Gundi ya bahasha ikalainika. Mlimau wa kwenye chungu, ambao haukuwahi kuchanua, ukatoa ua. Theluji ilikuwa imelifunika paa lote. Ile ya sehemu ya paa iliyo juu ya kiti chake ikayeyuka, likabaki duara la vigae vyekundu. Meneja Momir alitoka nje, akalitazama duara lile, akarudi kuzima boila iliyopasha jengo joto.

"Makaa ya nini tena?" alisema.

Tangu siku hiyo wastaafu walikuja na kukaa kwenye benchi mbele ya kaunta ya Dobrila. Walivua glavu, wakaanika soksi. Aliyewahi nafasi ya kwanza alikuwa Bibi Stamenka, mama mkwe wake.

"Sisi tulikuwa hatuna mambo haya," Bibi Stamenka aliwaambia wenzake. "Mimi nilifunga kitambaa kichwani nikaendelea kuchimba viazi. Mwanangu Dobrila, hebu nigeukie kidogo, goti la huku bado bichi."

Dobrila alikuwa na miaka hamsini na moja. Hakuwa amelala usiku kucha tangu mavuno ya plamu. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Maneno yalimtoroka, muhuri aliuita "hicho cha kugongea". Vuli alipomtembelea mdogo wake anayeishi Vienna, daktari mmoja mwanamke alimpima presha na matiti, akamuuliza magonjwa ya ukoo wao, kisha akamwambia kwamba haya yote ni ya kukoma hedhi, na yana tiba. Alimwandikia viraka vidogo vya homoni, vya kubandika ngozini. Mdogo wake alivitafuta, akavituma kwa posta.

Kifurushi kilifika na kuwekwa rafuni, nyuma ya kiti chake. Dawa ya kutoka nje haikutolewa bila muhuri wa daktari wa mji. Dobrila mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatajia watu kanuni hiyo, mwaka baada ya mwaka, akiwarudisha nyumbani mikono mitupu.

Wakati wa mapumziko alikwenda zahanati. Daktari Ranko alimweka kipimajoto kwapani. Vioo vya dirisha vikatoka jasho. Nje, barafu ikakatika ukingoni mwa paa na kuanguka kwa kishindo.

"Thelathini na sita na nusu," alisema daktari. "Huna homa."

"Sikusema nina homa. Nimesema silali. Nigongee muhuri, daktari."

"Hizo ni neva. Kunywa chai ya maua. Mama yangu alipitia hayohayo, wala hatukumsikia."

"Hamkumsikia, au hamkumuuliza?"

Daktari alikuwa amenyoosha viganja kumwelekea, akivigeuzageuza kama mtu aliye mbele ya jiko.

"Wazee wanaokaa kwako hawakohoi siku hizi," alisema taratibu. "Ukibandika hicho kiraka leo, watakwenda wapi? Vumilia mpaka Aprili. Aprili nitagonga, nakuapia."

Dobrila alirudi posta, akaufungua mlango wa mbele wazi, kisha akafungua dirisha lote. Upepo ukapita katikati. Alisimama ndani yake amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu vuli moyo wake ukatulia.

"Mwanangu, unatuua!" alipiga kelele Bibi Stamenka.

Shingo za benchi zima zikapinda kushoto. Zilikaa hivyo hadi Ijumaa. Vidosava, aliyekuwa na skafu, yake ilipinda kidogo tu.

Momir akaja na nyundo, akalipigilia dirisha misumari. Alipogeuka, Dobrila alikuwa ameshika kifurushi, ukucha umeshaingia chini ya utepe wa gundi.

"Fungua," alisema Momir. "Ukifungua, kesho huna kazi. Na hawa uliowanyima dawa zao utawaambia nini?"

Benchi lote lilimtazama, kwa taabu, kwa sababu ya shingo. Utepe ulikuwa ukilainika wenyewe chini ya kidole chake. Hakuna aliyekohoa. Dobrila akautoa ukucha, akarudisha kifurushi rafuni.

Aprili theluji ilikwisha. Daktari Ranko alikuja mwenyewe, muhuri umetuna mfukoni mwa koti. Mikononi alibeba trei ya vikopo vya mtindi vilivyopandwa mbegu za pilipili, akatafuta pa kuiweka. Kaunta ilikuwa imeshajaa vikopo vya watu wengine.

"Za mke wangu," alisema. "Nitagonga zikishaota majani ya kutosha. Mei hivi. Ukizima joto sasa utamvunja moyo."

Alipoondoka, Vidosava alifungua skafu aliyoivaa tangu Oktoba. Paji la uso lilimng'aa. Kwenye kaunta yake bahasha zilikuwa zimeanza kugandana.

"Dada," alinong'ona, "hebu tufungue dirisha kidogo."

"Lina misumari, Vido."

Momir alikuwa akipita. Akasimama, akamtazama Vidosava, akanyoosha kiganja kumwelekea. Kisha akaenda stoo kuleta benchi la pili.