Ndiyo, Mwalimu

Jirani yangu Sefina anadai alimsikia mume wangu nyuma ya nyumba akimwambia mwanamke, "Ndiyo, mwalimu, nimekuelewa," kwa sauti laini ambayo mimi hajanisemesha nayo tangu tuoane.

"Shoga, fungua macho," akaniambia.

Nikanyata na kikombe cha kakao. Mume wangu Tavita alikuwa ameinamia simu, spika masikioni. Kwenye kioo mwanamke mwenye ua nyweleni alikuwa akifundisha habari za udongo.

"Huyo nani?"

Akachomoa spika moja. "Losalini, wa chuo cha Fiji. Siku hizi vyuo vya visiwa vyetu vya Pasifiki vinashirikiana masomo, na sisi wa Samoa tunasoma kwake bure. Wivu wa nini, mke wangu? Video hii ilirekodiwa mwaka juzi. Hata hanisikii."

"Kama hakusikii, mbona unamjibu?"

"Si anauliza kama tumeelewa!"

"Mimi nikikuuliza utakula nini, unaguna tu."

Akacheka, akairudisha spika sikioni. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini niliketi ubavuni pake.

"Nipe moja na mimi nisikilize."

Akanipa. Losalini akauliza kama tumeelewa, akitabasamu.

"Ndiyo, mwalimu," akasema Tavita.