Salamu Tatu Bila Jibu

Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni, na alama za zoezi langu la tatu hazikuonekana kwenye mfumo wa chuo. Bila alama hizo, kitufe cha kujisajili hakifunguki. Ukikosa, unasubiri mwaka mzima. Nina miaka arobaini na moja, nafundisha chekechea kijijini Gare. Mwaka mzima kwangu si kitu cha kuchezea.

Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilishuka sokoni Soni, nikakaa nyuma ya meza ya karoti ya mdogo wangu Zakia. Saa tisa nikafungua sehemu ya msaada, nikaandika: "Shikamoo." Nikasubiri. Baada ya dakika tano ikajifunga yenyewe, ikanishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikarudia saa tisa na nusu, nikarudia saa kumi. Shukrani zilezile. Hasira zikanipanda. Miaka miwili nasoma kwao, hata salamu hawaitikii.

Saa kumi na nusu nikaanza kujaza fomu ya chuo kingine. Heri nianze upya kwa watu wenye adabu, nikamwambia Zakia, huku machozi yakinilengalenga. Zakia akaacha kufunga karoti, akachungulia simu.

"Dada, mbona hujawaambia shida yako?"

"Nitaelezaje shida na salamu haijaitikiwa?"

Hakubishana. Alininyang'anya simu, akaandika kwa kidole chenye udongo: alama za zoezi la tatu hazionekani, namba ya usajili ni hii. Hakuna salamu, hakuna samahani. Ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Niliona aibu, nikageuka pembeni.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili alama zikatokea. Kidole kilikosa kitufe mara mbili, mara ya tatu kikakipata. Nikasajiliwa.

Kisha ukaingia ujumbe.

"Naitwa Rubeni. Salamu zako tatu nimeziona sasa hivi. Mfumo hutuletea mtu akishaeleza shida yake tu. Nimeona pia mwaka wako wa kuzaliwa. Mimi ndiye niliyepaswa kuanza. Shikamoo, mama."

Zakia alicheka, eti nimepata mtoto Soni. Mimi nililia mbele ya wateja wake. Nikaandika "Marahaba," kisha nikaifuta ile fomu ya chuo kingine.