Kadi Nyekundu ya Mzee Barthélemy

Historia yote ya uchaguzi wa kambi moja ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba kule Shituru, Likasi, ilikuwa ndani ya daftari moja la jalada gumu, na mwandiko wote ni wa Hilaire. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne mwenye herufi za kunyooka, na kwa kosa hilo la kuandika vizuri wakamfanya karani wa kituo cha kura. Usicheke. Wapo waliopata taabu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mwaka wa sabini, tarehe mosi Novemba, watu walitoka misa ya Watakatifu Wote wakapanga mstari, nyumba kwa nyumba. Mgombea urais alikuwa mmoja. Kila mtu alipewa kadi mbili: ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Wiki nzima mtu wa chama alipita na kipaza sauti akieleza kwamba kijani ni matumaini, nyekundu ni fujo. Kila mwenye masikio alielewa.

Mzee Barthélemy, baba mkwe wa Hilaire, masikio hakuwa nayo. Miaka ishirini na miwili mbele ya mashine ya kuponda mawe ilikuwa imeyamaliza. Alikuja na suti yake ya harusi, akazitazama kadi, akatabasamu, akainua ile nyekundu juu ili kila mtu aione, kisha akaitumbukiza sandukuni. Akamwambia mkwewe kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia hata yake mwenyewe:

— Mukwe, ile ya vert ni majiwe tu ya mu mine! Rouge njo mukuba yenyewe, ya kuiva! Miye napatia Président ya muzuri!

Hebu fikiria. Mtu ameona maisha yake yote jiwe la kijani likiingia kiwandani na shaba nyekundu ikitoka. Angempaje rais jiwe? Alidhani anatoa heshima.

Hilaire aliacha daftari, akasimama.

— Chef, alimwambia mtu wa chama, muzee uyu hasikiake. Masikio yake ilikufa ku mashini. Anapenda Président, umemusikia mwenyewe.

— Na macho yake, nayo ilikufa?

Ikaja jeep ya askari. Maswali mawili tu, walisema. Mzee alipanda mwenyewe, akiwapungia watu mkono, akiamini kwamba anapelekwa kupongezwa.

Jioni walihesabu. Mtu wa chama aliitoa kadi nyekundu sandukuni, akaitia mfukoni, akamsomea Hilaire la kuandika: waliopiga kura, mia sita na kumi na mbili, kijani, mia sita na kumi na mbili, nyekundu, sifuri. Mbele ya jina la Barthélemy: hakufika. Hilaire alijiambia, nikitii watamrudisha. Akaandika kwa herufi zake nzuri, akatia sahihi.

Siku nne zikapita, mzee hakurudi. Georgette, mke wa Hilaire, ambaye ndiye mtoto pekee wa mzee, akamshika mumewe mkono wakaenda ofisini kuuliza. Mtu wa chama yule yule akafungua daftari.

— Kadi ya rouge? Wapi? Soma, mama. Zéro. Kama hakuna kadi ya rouge, nani angekamatwa? Baba yako hakufikaka ku vote. Njo mwandiko ya bwana yako, hapana?

Georgette aliusoma mstari ule pole pole mpaka kwenye sahihi. Kisha akamtazama mumewe. Hilaire alitaka kusema kitu, lakini aseme nini? Kwamba daftari ni uongo, na mwongo ni yeye? Maji yakimwagika hayazoleki. Alitazama viatu vyake na kutamani asingefundishwa kuandika kamwe.

Waliuliza Likasi, waliuliza mpaka Lubumbashi, mwaka ule na uliofuata. Kila mahali jibu lilikuwa moja: daftari linasema hakufika.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa mwaka wa sabini na tano. Safari hii hapakuwa na kadi wala sanduku. Watu walikusanywa uwanjani, majina ya wabunge yakasomwa, na kuchagua kwenyewe kukawa kupiga makofi. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, lakini nyumbani Georgette alibaki Georgette. Ilikuwa tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, na asubuhi hiyo alikuwa amekaa tena na mshumaa mkononi bila kuuwasha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kama baba yake ni wa kuwashiwa.

Jina la kwanza likasomwa. Uwanja ukavuma kwa makofi. Georgette alikaa, mikono mapajani. Mtu wa chama alikuwa akipita kati ya safu akikagua mikono ya watu, na alikuwa amebakiza safu mbili kuwafikia.

— Piga, mama, Hilaire alinong'ona. Nakulomba. Piga.

Hakugeuka.

Ikabaki safu moja. Hilaire aliogopa kuliko siku ile ya jeep. Aliichukua mikono ya mkewe, mmoja huku, mmoja huku, akaigonganisha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa ya baridi. Georgette hakuivuta, aliiacha tu ipigwe. Mtu wa chama akatazama, akaitikia kwa kichwa, akapita.

Baadaye akamwita Hilaire mezani, kwenye daftari.

— Wangapi walipiga?

Hilaire alimtazama mkewe kule safuni, mikono yake imebaki pale pale alipoiachia.

— Bote, alisema, akaandika: wote.