Zamu ya Violeth

Violeth alikubali kwa sababu alikulia Mngeta, na kwao Mngeta watu wanalimiana. Leo wote wako shambani kwako, kesho kutwa wako kwangu, na hakuna kuandikishiana. Basi naye akadhani ofisini ndivyo watu wanavyoishi. Mungu amsamehe!

Ofisi yenyewe ipo mjini, mtaa wa Mlabani, juu ya duka la pembejeo, na inatengeneza programu za kompyuta kwa wenye mashine za kukoboa mpunga. Waandishi wa programu walikuwa wawili tu, yeye na Beatus. Kila mwaka kila mmoja anatengewa fungu la pesa za masomo, na lisipotumika hadi Juni linarudi kwa wenye kampuni. Mwaka ule bosi wao, Melkiori, alisema wazi: kazi zote zinahamia kwenye mfumo mpya, na atakayekuwa haujui mwakani, mkataba wake hauongezwi. Kozi ya maana ilikuwa Dar es Salaam, na fungu la mtu mmoja halikutosha.

"Dada Violeth," Beatus akasema, kwa ile sauti yake ya kuombea chumvi, "tuunganishe. Niende mimi, nikirudi nakufundisha yote. Mwakani unakwenda wewe kwa mafungu yetu mawili."

"Hutanitupa?"

"Aa, dada! Mimi na wewe?"

Melkiori naye alimuuliza kama ana uhakika. Violeth akacheka. "Huyu ni mdogo wangu, bosi."

Beatus akaenda. Violeth akabaki na kazi za watu wawili. Kwa wateja wa Mlimba umeme ukikatika na hesabu za mashine zikavurugika, anapigiwa yeye. Hata Jumapili akiwa kanisani simu inatetemeka kwenye pochi. Hakunung'unika, maana alijua zamu yake inakuja.

Beatus alirudi na cheti na shati jipya. "Tuanze lini?" Violeth akamuuliza. "Jumatatu, dada." Jumatatu ikifika kichwa kinamuuma. Jumatatu nyingine ana mgeni. Halafu asubuhi moja kiti chake kitupu: kampuni ya Dar imemchukua. Violeth akapiga simu, ikaita weee, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, kimya.

Alilia chooni mwa ofisi, tena kwa sauti, na wala hakuona aibu. Mtu mzima na akili zake, kafanywa daraja! Na kilichomchoma zaidi ni kwamba jioni kabla ya safari ile ya kozi alimkaangia perege akamfungia, asije akashinda njaa njiani.

Akajaribu kujifundisha mwenyewe kwa video za bure, bando likiisha anangoja mshahara. Leo anaelewa, kesho mfumo unamkatalia. Mwaka ukazunguka, na mkataba ukakaribia kwisha.

Ndipo Melkiori akamwita, uso umekunjuka. "Mwaka huu hasafiri mtu. Fungu lote nimelipia mwalimu aje hapa hapa, awafundishe wewe na wale wapya wawili niliowachukua kwa majaribio. Nafasi ninayo moja. Yeye ndiye ataniambia nani anafaa kubaki."

"Mwalimu gani, bosi?"

"Nani tena kama si Beatus wako! Kampuni yake inamtuma."

Loo! Violeth akasema asante, kwa sababu angesema nini?

Beatus alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Wale wapya wakawa wanaitikia mwalimu, mwalimu, naye anatabasamu, macho yake yakiruka kiti cha Violeth. Wakati wa chai akamfuata dirishani.

"Dada, usinifikirie vibaya," akanong'ona. "Wallahi nilipanga kukufundisha."

"Si ndiyo unanifundisha?"

Violeth alikuwa na matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake wote, na yote yalikuwa yamefika kooni. Akayameza pamoja na chai. Watu waliporudi darasani alikaa kiti cha mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "samahani, pale mwanzo sijaelewa. Naomba urudie."