Meno ya Kusemea

Mama Pasi alibana meno ya bandia kwa kidole gumba, akahesabu mpaka sitini ili gundi ishike, kisha akajaribu kusema "habari za asubuhi" mbele ya kioo. Ya juu yakateremka. Akayasukuma tena, akafunga kitambaa kichwani, akamwita mwanawe.

"Twende kabla foleni haijawa ndefu. Na leo usinijibie."

"Nitakujibia nini tena, Mama?"

"Nakujua wewe."

Miaka thelathini na mmoja alipiga pasi mashuka ya hoteli, na kila mwezi bima ya afya ilichukua chake kabla yeye hajauona mshahara. Mwaka juzi daktari wa meno alipomwambia anaweza kupandikizwa meno yasiyotoka, kila jino na skrubu yake ndani ya mfupa wa taya, alicheka mpaka akashika mbavu. "Skrubu? Kwani mimi kabati?" Aliona ni upuuzi wa watu wasio na kazi.

Kisha ukaja mkutano wa wapangaji. Yeye ndiye mwenyekiti wao, na ndiye aliyesimama kumkabili wakala wa mwenye nyumba, aliyekuwa amepandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Katikati ya maneno meno yakamtoka, yakaangukia makaratasi ya wakala. Wakala akacheka. Wapangaji nao, Mungu awasamehe, wakacheka, na kodi ikapita hivyo hivyo. Tangu siku ile Mama Pasi huzungumza ameziba mdomo kwa kiganja, na mikutanoni hukaa nyuma kabisa. Hilo lilimuuma kuliko jino lolote alilowahi kung'olewa. Ndipo akarudi kwa daktari, na ombi la meno ya skrubu likapelekwa bima.

Kwenye benchi la ofisi ya bima walikuta wazee watupu. Dereva mstaafu aliyekaa karibu naye alisikiliza shida yake, akatikisa kichwa.

"Dada, meno mapya ya nini sasa? Unataka kwenda nayo kaburini?"

"Nitakwenda nayo. Huko nako nina la kusema."

Zamu yao ilipofika, karani wa dirishani alimruka Mama Pasi kwa macho, akamtazama mwanawe.

"Wewe ndiye umekuja na bibi? Mweleze, ombi limekataliwa. Akishapita miaka sitini na mitano, hayo tunahesabu ni urembo. Atapewa mengine ya kuvaa."

Mwana, fundi umeme aliyeomba ruhusa ya nusu siku, alijikuna shingo. "Mama, labda ni kweli. Kwa umri huu, uanze kutobolewa mifupa... Kula si unakula?"

Mama Pasi alimtazama kwa hasira, kisha akamgeukia karani.

"Sikuja kwa ajili ya kula. Nimekuja kwa ajili ya kusema. Daktari ameandika mfupa wangu ni mzima. Umesoma?"

"Bibi, huo ndio utaratibu."

"Mlipokuwa mnanikata mshahara, mliniuliza umri? Niandikie sababu, utie sahihi."

"Hatuandikagi sababu."

Meno yakaanza kuteleza. Safari hii hakuziba mdomo. Aliyatoa, akayaweka juu ya kaunta mbele ya karani, akaligeukia benchi. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani na maneno yalitoka na upepo, lakini alisema kwa sauti ile ya zamani ya mwenyekiti.

"Nani mwingine hapa ameambiwa amezeeka mno kwa kitu alichokilipia?"

Hakuna aliyecheka. Dereva mstaafu alitazama sakafu, kisha akanyoosha mkono. "Mimi. Jicho la kushoto."

"Goti," akasema mama mmoja mwenye mkongojo.

Karani akashika kioo cha dirisha akifunge. Mama Pasi akaweka kiwiko chake pale pale kwenye reli ya kioo.

"Kijana, mchukue mama yako!" karani akafoka. "Anatuletea fujo hapa!"

Mwana alimtazama mama yake, mdomo mtupu na macho makavu. Aibu ilimpanda, aibu ya yale aliyoyasema yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Akasogea mpaka dirishani, akachomoa kalamu mfukoni mwa ovaroli na kuiweka mbele ya karani.

"Mama amekwambia uandike," akasema. "Andika."