Swali la Afande kwa Bwana Hapana

Mtaa mzima ulimwita fundi redio Hapana. Ukimpelekea redio ukasema imekufa, atakujibu, "Hapana, imezimia tu." Ukisema mvua inakuja, hapana. Mkewe alichoka hadi akawa anamwomba Mungu kila alfajiri: Bwana, mtulize ulimi mume wangu, nami nipumzike.

Kisha ukaitwa mkutano, watu wakaambiwa wanyooshe mikono kukubali mkuu wa nchi atawale hadi kufa. Mikono ikanyooka kama magugu. Fundi akasimama na neno lake lile lile. Usiku huo alilala gerezani.

Mwaka ulipopita, mkewe aliitwa gerezani. Akakalishwa kwenye benchi, kamera ikimkodolea jicho kutoka juu ya mlango. Afande mnene alikuwa akichokonoa meno.

"Shemeji, mumeo alikuwa kichwa maji. Tumemnyoosha. Limebaki swali moja tu. Akilikosea, anarudi ndani."

Fundi akaletwa, shati likimpwaya. Akasimama akiutazama ukuta bila kuambiwa.

"Haya, geuka. Wewe bado ndiye Hapana?"

Walinzi mlangoni wakaangua kicheko. Mchezo huo waliujua. Mkewe naye akauelewa. Akisema ndiyo, amekiri kuwa ni yule yule. Akisema hapana, ametamka neno lililomfunga.

Mungu wangu, mpe jibu, akaomba kimoyomoyo. Alijua ambavyo mumewe angejibu zamani: "Hapana, swali lenyewe halina akili." Aliliogopa jibu hilo, na bado masikio yake yalikuwa yakilisubiri.

Fundi hakufikiri. Aliutazama mdomo wa afande kama mtoto anayetazama fimbo.

"Unavyosema wewe, afande."

Afande akapiga meza. "Amefuzu! Shemeji, beba mzigo wako."

Nyumbani, redio zilikuwa bado mezani, matumbo wazi. Jirani aliyekuwa akichungulia dirishani alirudisha pazia. Fundi akabaki amesimama mpaka mkewe alipomvutia kiti.

"Baba watoto," mkewe akamchokoza, akigonga redio ya karibu, "hii imekufa kabisa. Niitupe?"

Akangoja. Ugomvi wowote angeupokea kwa mikono miwili.

Fundi akainua macho, akautazama mdomo wa mkewe.

"Unavyosema wewe, afande."

Mkewe akapiga magoti palepale kando ya kiti, akamsihi Mungu ayafute maombi yake yote ya alfajiri.